Rekodi ya Arbroath na Jina la Mpwa Wangu

Jumamosi, 3 Agosti 1985

Watu wengi hukosea kwa kudhani kwamba rekodi ni mali ya mshindi. Si kweli. Rekodi hubebwa na watu wawili: mmoja huibeba kifuani kama nishani, mwingine huibeba mgongoni kama gunia.

Nilijaribu kulieleza jambo hili leo kwenye veranda ya Saleh, fundi wa redio pale karibu na soko la Kibuye, tukiwa tunangoja mvua ikatike. Saleh ndiye kocha wa Lolwe Stars. Ni mtu wa maneno machache, na kwa miaka mingi nimemhesabu kuwa baridi. Mwenyekiti wa timu, Bwana Obiero, naye alikuwepo. Huyu ni mfanyabiashara wa samaki aina ya mbuta na mzee wa kanisa letu, mtu mkarimu, anayejulikana kote mjini kwa sauti yake. Aliniuliza kama ni kweli kuna timu iliwahi kufungwa mabao zaidi ya ishirini.

Nikamweleza kuhusu Arbroath, timu ya mji mdogo wa pwani huko Uskoti, ambako mwalimu mwenzangu wa zamani alizaliwa. Tarehe 12 Septemba 1885, katika Kombe la Uskoti, Arbroath iliifunga Bon Accord ya Aberdeen mabao thelathini na sita kwa sifuri.

"Thelathini na sita?" Obiero akasema. "Hiyo ni mpira ama ni kuhesabu watu?"

Tulicheka. Nikaendelea, kwa sababu mimi nikianza kueleza sijui kusimama. Nikasema golikipa wa Arbroath inasemekana alijikinga mvua chini ya mwavuli wa mtazamaji, kwa kuwa mpira haukumfikia. Nikasema timu hiyo haijawahi kuchukua Kombe la Uskoti; mwaka 1947 ilifika nusu fainali, basi. Kwenye ligi, heshima zake ni za kushika nafasi ya pili katika daraja la pili. Ukiondoa siku ile moja, kabati lao halina mengi. Lakini miaka mia baadaye bado tunawataja, huku Kisumu.

Obiero aliacha kucheka. Akauliza waliwezaje. Nikamjibu kwamba wapo wanaosema aliyesimama golini upande wa Bon Accord hakuwa golikipa kabisa. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi.

Ijumaa, 9 Agosti

Mvua. Paa la jikoni linavuja palepale nilipoziba.

Jumamosi, 17 Agosti

Ouma amekuja, mtoto wa dada yangu Seline. Anakata miwa Muhoroni na anachezea timu ya wakata miwa, winga wa kulia. Wamefuzu kuingia nusu fainali ya kombe letu la wilaya, ambalo mimi ni katibu wa kanuni zake. Ni kijana mrefu, mpole, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Mke wake Awuor ni mjamzito. Mtoto atazaliwa mwezi wa kumi.

Tulizungumza juu ya jina la mtoto. Kwetu jina si mapambo. Mtoto hupewa saa aliyozaliwa, au mvua, au marehemu aliyemjia mtu ndotoni. Na kuna majina mengine yasiyopewa na wazazi, yanayotoka kinywani mwa watu. Jina la ukoo wangu mwenyewe lilianza kama dhihaka: babu wa babu yangu alianguka majini kutoka kwenye mtumbwi siku ya harusi yake, akaitwa hivyo hadi akafa, na wanawe wakarithi. Tumelisafisha kwa vizazi vinne ndipo likawa jina la kuandika kwenye vyeti.

Ouma akasema, "Mjomba, wangu wataitwa watoto wa Ouma. Hiyo inatosha."

Jumamosi, 24 Agosti

Sikuandika juma zima. Mafua.

Jumamosi, 31 Agosti

Kura imepigwa. Nusu fainali ya pili ni Lolwe Stars dhidi ya Muhoroni, Jumamosi tarehe 14 Septemba. Obiero alitaka iwe tarehe 12. Nikamweleza kwamba hiyo ni Alhamisi, watu wako kazini. Akakubali bila ubishi, akanishika mkono.

"Mwalimu, tukifunga thelathini na saba, hata huko Uskoti watatafuta Kisumu kwenye ramani."

Nilidhani anatania. Nikamkumbusha kwamba Muhoroni wana Dalmas golini, na Dalmas msimu huu amefungwa mabao machache kuliko golikipa yeyote wilayani. Obiero akasema anajua. Nilipopita kwa seremala jioni nikaona ubao wa mninga uliopigwa randa, umeandikwa jina la timu, na chini yake nafasi ya tarakimu mbili imeachwa wazi.

Hata hapo niliona ni mzaha wa gharama tu.

Jumamosi, 7 Septemba

Mvua ya mawe alasiri. Mipapai ya jirani imevunjika yote.

Ijumaa, 13 Septemba

Leo nimemwona Walter, kijana wa Obiero wa kupakia samaki, akichimba kwa jembe pale langoni mwa uwanja, mchana kweupe, watu wakipita. Nilidhani anafungua mtaro.

Lazima nieleze hapa, kwa atakayesoma akiwa mbali na sisi. Timu zetu zinaogopa lango. Wanaamini kwamba anayetaka kukushinda huzika kitu mahali utakapokanyaga ukiingia. Kwa hiyo timu nyingi hukataa chumba cha kubadilishia nguo, na nyingi zaidi hukataa lango lenyewe. Wataruka ukuta. Nimewaona vijana waliosoma hadi kidato cha sita wakiruka ukuta na jezi mpya. Zamani nilikuwa nikiwacheka. Siku hizi huwa nageuza uso.

Jumamosi, 14 Septemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Muhoroni walifika juu ya trela la miwa, wachezaji kumi na mmoja bila wa akiba. Tayari habari ya jembe ilikuwa imewafikia njiani. Wakasimama mbele ya lango wakitazama udongo mbichi. Nilienda kuwaambia waingie, kwamba mimi mwenyewe nitatangulia. Ouma alikuwa tayari kunifuata. Nahodha akakataa. Wakazunguka hadi upande wa mashariki, wakaanza kupanda ukuta.

Ukuta ule juu umepangwa vipande vya chupa, vimeshikwa na saruji. Wa kwanza walitandika gunia. Dalmas alikuwa wa nne au wa tano. Gunia liliteleza. Aliposhuka ndani, viganja vyote viwili vilikuwa vimepasuka, na kidole gumba cha kulia kilining'inia vibaya. Alipelekwa hospitali.

Nikamwendea Obiero jukwaani, nikamwambia tuahirishe hadi wiki ijayo. Alinitazama kwa upole uleule wa kanisani.

"Kanuni inasema nini, Mwalimu?"

Kanuni inasema timu yenye wachezaji saba au zaidi itacheza. Niliiandika mimi.

Muhoroni wakabaki kumi, na kwa kuwa Ouma ndiye mrefu kuliko wote, walimvika jezi ya Dalmas, ambayo ilikuwa na damu kwenye mikono. Hajawahi kusimama golini hata kwa mchezo wa mtaani.

Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu yake, na watu wakacheka kwa wema tu. La tano bado walicheka. Kufika la kumi walikuwa wameanza kuhesabu kwa sauti. Mapumziko yalikuja Lolwe wakiwa na kumi na sita, na ndipo nilipoona Obiero akishuka na kuzungumza na washambuliaji wake, na vidole vyake vikionyesha hesabu. Saleh alisimama kando, mikono nyuma.

Kipindi cha pili mawingu yalipanda kutoka ziwani. Upepo ulikuwa unampiga Ouma usoni. Wenzake walikuwa wamekata tamaa, wengine wanatembea. Yeye alikuwa akiruka kila mara, hata kwa mpira uliokwisha kuingia, kisha anaufuata wavuni, anauokota, anaufuta kwa jezi na kumpa refa mkononi. Sijui kwa nini alikuwa anaufuta.

Ishirini na nne. Ishirini na tano. Umati sasa ulikuwa unaimba tarakimu kama wimbo wa mavuno. Niliwaona watu ninaowaheshimu: daktari wa mifugo, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa kwaya, wote wamesimama. Mvua ilianza na hakuna aliyekimbia. Ishirini na tisa. Thelathini. Nikasikia mtu karibu nami akisema "thelathini na moja" kwa sauti ya mtu aliyeshiba, na ilinichukua muda kutambua kwamba ni mimi. Ouma alikuwa amegeuka kuokota mpira na alikuwa ananitazama.

Baada ya bao la thelathini na tatu, Saleh aliinua mkono akamwita nambari tisa, yule mfungaji mkuu. Kijana akatoka akidhani anabadilishwa. Saleh akamwonyesha benchi, hakuingiza mtu. Akamwita nambari saba. Kisha nambari kumi. Alipomwita wa nne, Obiero alikuwa ameshafika ukingoni mwa uwanja, suti yake imelowa.

"Saleh, rudisha watu. Kuna dakika kumi na tano."

"Wamechoka, Mwenyekiti."

"Wamechoka kufunga?"

"Mimi ndiye nimechoka," Saleh akasema, na akamwita wa tano.

Walibaki sita uwanjani. Refa aliangalia huku na huku, kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa kukubali. Akapuliza filimbi ya mwisho.

Nilikuwa wa kwanza kuelewa kilichotokea, kwa sababu kanuni hiyo pia niliiandika mimi: timu itakayobaki na wachezaji chini ya saba imeshindwa mchezo, hata ikiwa mbele kwa mabao mangapi. Waliofungwa thelathini na tatu walikuwa wamefuzu fainali.

Nilipomfikia Ouma alikuwa bado amesimama katikati ya nguzo, mvua inamchuruzika. Nilimwambia kwamba wameshinda. Hakuonekana kusikia.

Jumapili, 15 Septemba

Kanisani. Obiero alikusanya sadaka kama kawaida. Nje, watoto walikuwa wakirusha mpira wa makaratasi, na aliyekuwa golini alikuwa anaitwa Thelathini na Tatu. Mchungaji alitabasamu.

Jumatano, 18 Septemba

Nimekwenda langoni na jembe langu. Nilichimba hadi kufika udongo mgumu. Hakuna kitu. Si yai, si kucha, si kitambaa. Hakuna.

Nikamtafuta Walter kwenye soko la samaki. Hakunificha, labda hakuona sababu. Alisema Mwenyekiti alimwambia achimbe na afukie, hapo hapo watu wakiwa wanaona, na asitie chochote.

"Alisema hatuamini hayo mambo, Mwalimu. Alisema wao ndio wanaamini."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na nilidhani nawajua waoga na nawajua wachawi. Sikuwa nimewahi kufikiria mtu asiyeamini uchawi hata kidogo, anayeomba kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, ambaye anajua vipande vya chupa viko wapi na anajua wenzake wataogopa nini. Na alijua ni nani wa kuondolewa golini, kwa sababu mtu mmoja mzee alimweleza vizuri kwenye veranda, mvua ikinyesha.

Jumamosi, 21 Septemba

Kikao cha rufaa. Obiero alitaka dakika kumi na tano zilizobaki zichezwe, matokeo yaanzie thelathini na tatu. Alizungumza vizuri. Alisema mji huu unahitaji jambo la kujivunia, na kocha mmoja mgeni amelinyang'anya. Saleh alizaliwa hospitali ileile ya mji nilikozaliwa mimi.

Nilisoma kanuni. Kisha nikaeleza habari ya jembe. Nilitarajia kelele. Badala yake wajumbe walitazama meza, na mmoja akasema kuchimba si kosa, hakuna sheria inayokataza kuchimba. Hilo ndilo lililonishtua kuliko mvua yote ya Jumamosi ile: walikuwa wanajua. Pengine nusu yao walijua tangu Ijumaa.

Hata hivyo kanuni ilisimama, kura nne kwa tatu. Muhoroni watacheza fainali. Saleh amefukuzwa Lolwe Stars. Nilipita kwake baadaye kumpa pole, nikamkuta amefungua redio ya mtu. Akaniambia nimshikie tochi.

Jumatano, 25 Septemba

Jua kali. Nimeanika maharage.

Jumatano, 2 Oktoba

Nimekwenda Muhoroni. Seline alinipokea uani bila kunitazama. Aliniambia kwamba Ouma hali na wenzake tena, na kwamba huko mashambani, msimamizi akiita majina asubuhi, akifika kwake husema ile tarakimu, na wote hucheka, na yeye huitika. Juzi mwanamke mmoja kisimani alimwita Seline mama Thelathini na Tatu, kwa heshima kabisa, akidhani ndilo jina.

Nilimkuta Ouma kando ya reli ya miwa, panga miguuni. Nilikuwa nimetayarisha maelezo marefu. Nikamwambia timu yake iko fainali. Nikamwambia juu ya lango. Nikamwambia kwamba alisimama vizuri kuliko mtu yeyote uwanjani siku ile. Alisikiliza yote kwa adabu, kisha akaniuliza jambo moja.

"Mjomba, yule wa Uskoti, aliyefungwa thelathini na sita. Aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo. Ninajua tarehe. Ninajua kwamba kijana aliyeitwa Petrie alifunga kumi na tatu peke yake. Ninajua kuhusu mwavuli. Nimesimulia habari hiyo madarasani mwaka baada ya mwaka, wanafunzi wakicheka, na hakuna siku niliyouliza jina la yule aliyekuwa akiufuata mpira wavuni.

"Sijui," nikamwambia.

"Umeona," akasema.

Jumapili, 20 Oktoba, Siku ya Kenyatta

Fainali. Muhoroni walifungwa mbili kwa sifuri. Dalmas alidaka ingawa kidole chake hakikunjiki vizuri. Waliingia kwa lango. Mimi na Saleh tulitangulia, mmoja kushoto na mmoja kulia, nao wakafuata nyuma yetu wakitazama chini.

Ouma alirudi kwenye winga. Kila alipogusa mpira umati uliimba ile tarakimu. Mara ya kwanza alipoteza mpira. Mara ya pili aliuacha umpite. Baada ya hapo wenzake waliacha kumpasia, nadhani kwa huruma, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Obiero alikuwepo jukwaani. Alinipungia mkono.

Jumamosi, 26 Oktoba

Awuor amejifungua mtoto wa kike, alfajiri, mvua ikinyesha. Wazima wote wawili. Ouma alitaka aitwe Akoth, kwa ajili ya mvua, na sote tulikubali.

Nilifika wodini na uji. Mwanamke wa kitanda cha jirani, ambaye hatumjui na hakuwa na ubaya wowote, alikuwa akimwonyesha mgeni wake. "Huyo mdogo ni wa Thelathini na Tatu," alisema. "Yule wa mpira."

Mtoto alikuwa na umri wa saa tatu hivi. Awuor aligeukia ukuta.

Jumamosi, 9 Novemba

Ouma ameacha miwa. Amehamia mjini, na anauza mitumba Kibuye, safu ya pili ukitokea barabarani, suruali za wanaume. Nilikwenda leo kumwona, nikasimama kidogo nyuma ya wauza viatu ili asinione kwanza.

Alikuja kijana akamwambia, "Buda, nipatie suruali, kiuno thelathini na tatu." Wenzake wawili walikuwa nyuma wakijizuia kucheka. Ouma akatafuta kwenye rundo kwa utulivu, akatoa moja, akaikung'uta. Akamwambia saizi hiyo ni adimu, lakini hii ya thelathini na nne ukiweka mshipi itakaa. Kijana akanunua. Hilo ndilo nililoliona: alinunua, akalipa, akashukuru, na akaondoka akimwita vilevile.

Nilimwendea, tukazungumza habari za mtoto, kwamba ameanza kushika kidole. Nilipokuwa naondoka, Rehma, mama anayeuza blanketi jirani yake, alimwita kutoka upande wa pili ili amvunjie noti. Alimwita Ouma. Ni neno moja tu, na alikuwa ameshughulika, hakujua kama amefanya jambo. Lakini nilimwona mpwa wangu akiinua kichwa haraka, uso umefunguka, kabla hajajua anatakiwa kwa nini.

Rekodi ile haiwezi kufutwa. Watu elfu mbili waliihesabu, na mimi nikiwa mmoja wao. Tumbebee upande wake wa gunia kwa namna iliyo mikononi mwetu. Wajukuu zangu, na yeyote mwingine anayesoma: leo mkipita Kibuye, mwiteni Ouma.